"La Mkuu" Linapovunja Guu: Mwalimu, Mwanafunzi na Lugha ya Lawama katika Rosa Mistika

Utangulizi

Kuna methali mbili ambazo mtoto wa Kiswahili huzisikia kabla hajajua kusoma. Ya kwanza humwonya kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ya pili humkumbusha kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hizi zinashirikiana katika jambo moja: zote zinamweka kijana upande wa kosa na mtu mzima upande wa hekima. Anayevunjika guu ni mdogo aliyekataa kusikia, na anayeadhibiwa na ulimwengu ni mdogo ambaye hakufunzwa. Hakuna kati yake inayouliza mambo yatakuwaje iwapo aliyechimba shimo la kuvunjia guu ni huyo huyo mkuu, na iwapo ulimwengu unaofunza una ofisi, mhuri na nyumba ya serikali ndani ya ua wa shule.

Swali hilo liliulizwa katika Rosa Mistika, riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971. Kwa zaidi ya nusu karne riwaya hii imesomwa, imepigwa marufuku, imetetewa na kuhakikiwa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya uhakiki huo imejikita katika malezi ya nyumbani na katika kile kinachoitwa anguko la msichana. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba usomaji wa namna hiyo, ingawa una msingi katika matini, unampitisha mlango wa nyuma mhusika ambaye alistahili kuhojiwa kwanza: mkuu wa chuo anayemtumia mwanafunzi aliyekabidhiwa. Hoja zinazojadiliwa ni tatu. Kwanza, uhusiano wa Rosa na mkuu wake ni suala la mamlaka kabla ya kuwa suala la tabia. Pili, Kiswahili kinachotumiwa kueleza masaibu ya wanafunzi kina sarufi inayomficha mtenda. Tatu, marufuku iliyowekewa riwaya hii shuleni ilitokana na mantiki ile ile ya kumlinda mwanafunzi dhidi ya habari za uovu badala ya kumlinda dhidi ya mwovu.

Malezi kama Ufunguo wa Pekee

Muhtasari wa visa unatosha kueleza kwa nini malezi yamevuta macho ya wahakiki. Zakaria, babake Rosa, ni mlevi na mkali. Anapogundua kwamba bintiye ameandikiwa barua na kijana aitwaye Charles, anampiga vibaya. Rosa anakua akiwaogopa wanaume, na kipigo hicho kinamfunza hofu bila kumfunza busara. Anapoondoka Ukerewe kwenda shule ya sekondari ya wasichana, anajikuta katika ulimwengu asiokuwa na ramani yake. Deogratias, Bwana Maendeleo, anamwingiza katika mapenzi. Baadaye, katika chuo cha ualimu cha Morogoro, anakuwa na uhusiano na Thomas, mkuu wa chuo. Zinafuata mimba na utoaji wa mimba. Charles, anayerudi maishani mwake na kuwa mchumba, anamwacha baada ya kutambua kwamba si bikira. Rosa anajiua.

Ni dhahiri kwamba mstari unaounganisha kipigo cha mwanzo na kifo cha mwisho upo, na mtunzi ameuchora kwa makusudi. Kasoro inaanza pale mstari huo unapofanywa kuwa wa pekee. Msomaji akishauchukua ukali wa Zakaria kuwa chanzo na kifo cha Rosa kuwa tokeo, wote waliosimama katikati hugeuka kuwa vituo tu vya safari. Deogratias anakuwa kituo cha kwanza na Thomas kituo cha pili. Hawaulizwi lolote, kwa sababu kituo hakiulizwi kwa nini abiria amefika. Hivyo mwanamume mwenye cheo anageuzwa sehemu ya mandhari, na hatia yote inagawanywa baina ya baba asiyejua kulea na binti asiyejua kujizuia.

Usomaji huo pia unapuuza jambo ambalo riwaya yenyewe haikulificha. Wanaume wawili hawa si wahuni wa mtaani. Mmoja ni ofisa wa maendeleo, mwingine ni mkuu wa chuo cha serikali. Wote wanaishi kwa mshahara wa umma na wanaheshimiwa kwa majina ya kazi zao. Jina la Bwana Maendeleo lina kejeli isiyohitaji ufafanuzi. Riwaya ilitokea miaka minne baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ambalo liliwawekea viongozi masharti: wasiwe na hisa katika makampuni, wasiwe na nyumba za kupangisha, wasipokee mishahara miwili. Masharti hayo yalihesabu mali ambazo kiongozi angeweza kuzipora. Mwili wa mwanafunzi haukuwamo katika hesabu. Kezilahabi anauingiza humo kwa njia ya hadithi, na kwa kufanya hivyo anaipanua maana ya unyonyaji kupita mipaka ya maandiko ya kisiasa ya wakati wake.

Mkuu wa Chuo na Mamlaka ya Nyumba Yake

Chuo cha bweni ni ulimwengu uliofungwa. Mkuu wake ndiye anayetoa ruhusa ya kutoka na kuingia, ndiye anayeamua adhabu, na sahihi yake katika ripoti ndiyo inayomfungulia mwanafunzi mlango wa ajira au kuufunga. Mzazi yuko mbali. Katika hali ya Rosa, umbali huo ni wa kijiografia na pia wa kiroho, kwa maana hakuna siri ambayo angeweza kumpelekea Zakaria bila kurudi na alama za fimbo. Mahali pa mzazi pamechukuliwa na mwalimu, na msemo wa watu kwamba mwalimu ni mzazi wa pili unapata uzito wa sheria isiyoandikwa.

Ndiyo maana kitendo cha Thomas hakiwezi kuwekwa katika mizani moja na mapenzi ya wanachuo wenyewe kwa wenyewe. Anachotumia kumpata Rosa si maneno matamu pekee. Anatumia nafasi iliyomweka juu ya mlango ambao wengine wote hawana budi kuupitia. Hata pale asipotishia, cheo chake kinatishia kwa niaba yake. Hata pale asipoahidi, mwanafunzi anajua ni nani mwenye uwezo wa kutoa. Methali ya kumsikia mkuu inajipindua hapa: anayevunjika guu ni yule aliyesikia.

Jambo lingine limepita bila kutazamwa inavyostahili. Chuo anachokiongoza Thomas ni chuo cha ualimu, na mazao yake ni walimu. Kila mwanachuo, wa kike na wa kiume, anayejua kinachotendeka katika nyumba ya mkuu anapokea somo ambalo halimo katika ratiba yoyote. Somo hilo linasema kwamba ualimu unakuja na mshahara, nyumba na wanafunzi, na kwamba vyote vitatu ni haki ya mwenye cheo. Wanaume watakaohitimu watakwenda kufundisha wasichana wa vijijini wakiwa wamelishika. Wanawake watakaohitimu watakwenda wakiwa wamejifunza kunyamaza. Kwa hiyo madhara ya Thomas hayaishii kwa Rosa, bali yanasafiri na kila cheti kinachotolewa. Mtunzi hakuhitaji kuwafuata wahitimu hao hadi shuleni kwao, kwani uteuzi wa mandhari yenyewe, chuo cha walimu, unatosha.

Sarufi ya Lawama

Kiswahili kina utajiri wa kauli za vitenzi, na utajiri huo unaweza kufichua au kuficha. Kauli ya kutenda humtaja mtenda mbele: mwalimu amemharibu mwanafunzi. Kauli ya kutendwa humpeleka nyuma lakini bado inampa mahali: mwanafunzi ameharibiwa na mwalimu. Kauli ya kutendeka humfuta kabisa: mwanafunzi ameharibika. Katika kauli hii ya mwisho hakuna nafasi ya kisarufi ya kumweka mtenda. Haisemwi kwa Kiswahili fasaha kwamba kikombe kimevunjika na mtoto, vivyo hivyo haisemwi kwamba binti ameharibika na mwalimu wake. Sentensi inafunga mlango kabla swali halijaulizwa.

Ni kauli hii ya tatu inayotawala mazungumzo kuhusu wasichana wa shule, vijiweni na hata katika miongozo ya fasihi. Msichana huharibika, hupotoka, huanguka. Hupata mimba, kama mtu anavyopata homa au anavyopata zawadi, bila ya kuwapo aliyempa. Pale ambapo mwanamume hana budi kutajwa, kauli ya kutendana huitwa kuja kusaidia: walipendana, walizoeana, walikuwa na uhusiano. Kauli hii haimfichi mtenda, bali inagawa kitendo sawa kwa sawa baina ya watu wawili wasio sawa. Kati ya kutendeka na kutendana, mwalimu anaponea chupuchupu kila mara.

Msamiati nao umeegemea upande mmoja. Mwanamke anayeuza au anayedhaniwa kuuza mwili ana majina mengi, na fasihi ya Kiafrika imemwandika mara nyingi kiasi kwamba F. E. M. K. Senkoro alimtungia kitabu kizima, The Prostitute in African Literature, mwaka 1982. Mwanamume mtu mzima anayewawinda watoto wa shule aliishi muda mrefu bila jina mahususi. Nchini Tanzania, kampeni ya redio iliyoanza mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii ilimbatiza jina la fataki, na jina hilo likashika mara moja kwa sababu lilijaza pengo lililokuwa likisubiri. Nchini Kenya neno lililoenea baadaye ni sponsa, ambalo linafanya kinyume chake. Linamvika mwindaji joho la mfadhili, na kumfanya mwanafunzi aonekane kuwa mnufaika. Maneno haya mawili, yaliyozaliwa katika lugha moja na kizazi kimoja, yanaonyesha kwamba kutaja jina ni tendo la kimaadili.

Mhakiki anayeandika kwamba Rosa aliharibika anachagua kauli, na kauli hiyo inachagua hukumu kwa niaba yake. Riwaya yenyewe ina ujasiri zaidi kuliko wahakiki wake. Inamtaja mwanamume kwa jina lake na kwa cheo chake, na kumpa msomaji kila kinachohitajika ili sentensi iandikwe katika kauli ya kutendwa.

Hoja ya Hiari

Pingamizi lenye nguvu linaweza kutolewa hapa. Rosa wa Morogoro si mtoto mdogo. Ameshatoka mikononi mwa Deogratias na ameamua, kwa kiasi fulani, kuutumia uhuru alionyimwa. Kumfanya mhanga mtupu ni kumpora nafsi yake kwa mara ya pili, na ni kuisoma riwaya kana kwamba ni hati ya mashtaka. Wahakiki wanaotetea sauti ya mwanamke katika fasihi wana haki ya kuuliza iwapo ulinzi unaotakwa si ule ule ukali wa Zakaria uliorudi ukiwa umevaa vazi jipya.

Pingamizi hili halipaswi kupuuzwa, kwa kuwa linagusa uwezo mkubwa wa Kezilahabi: wahusika wake wana tamaa, makosa na maamuzi yao wenyewe. Hata hivyo, linachanganya maswali mawili. La kwanza ni kama Rosa alitaka. La pili ni kama Thomas alikuwa na haki. Jibu la swali la kwanza, liwe lolote, halijibu la pili. Mlinzi wa ghala hapunguziwi wajibu kwa sababu mlango uliachwa wazi, maana mlango ukiwa wazi ndipo mlinzi anapohitajika. Kadiri mwanafunzi anavyokuwa amejeruhiwa, amechanganyikiwa au amekuwa mwepesi wa kukubali, ndivyo wajibu wa mwenye cheo unavyozidi. Rosa anaweza kusomwa kama mtu kamili mwenye hiari, na Thomas bado akabaki na deni lote la cheo chake.

Tofauti na Zakaria inaonekana wazi kwa mtazamo huu. Zakaria alimlinda bintiye kwa kumpiga yeye. Ulinzi unaostahili jina hilo unamwelekea mwenye nguvu na kumwekea mipaka, huku ukimwachia mdogo nafasi ya kusema. Alichokikosa Rosa, nyumbani na chuoni, ni mtu mzima mmoja ambaye angeweza kumwambia jambo lolote bila ya kuadhibiwa kwa kulisema. Charles, ambaye angeweza kuwa mtu huyo, anakuja na kipimo chake cha ubikira na kumpima Rosa peke yake. Hakuna anayempima Thomas.

Kitabu Kilichozuiwa Mlangoni

Baada ya kuchapishwa, Rosa Mistika ilipigwa marufuku kutumiwa shuleni nchini Tanzania, kwa kuwa ilionekana kueleza mambo ya kujamiiana waziwazi mno kwa vijana. Kinaya cha uamuzi huo ni kikubwa. Kitabu kilichoonyesha jinsi mkuu wa chuo anavyoweza kumtumia mwanafunzi kilizuiwa kuwafikia wanafunzi, ilhali hakuna marufuku ya aina hiyo iliyoweza kuwazuia wakuu wa namna ya Thomas. Msichana wa miaka ya sabini ambaye angeisoma riwaya angekutana na hali yake ikiwa imeandikwa, na huenda angejua kwamba hayuko peke yake. Aliambiwa kwamba hatari iko katika kurasa.

Mjadala huo haukwisha. Tamthilia ya Kilio Chetu, iliyotolewa na Medical Aid Foundation mwaka 1995 katika mazingira ya UKIMWI, ilibidi iuanzishe upya kwa kuwagonganisha wazazi kuhusu kama watoto waelezwe habari za kujamiiana au wafichwe. Swali la tamthilia hiyo ni lile lile lililoikuta Rosa Mistika: je, ukimya humlinda mtoto au humlinda anayemwinda?

Baada ya Rosa

Fasihi ya Kiswahili iliyosomwa katika shule za Kenya tangu hapo imelirudia suala hili kwa tahadhari. Katika Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora (2012), Fao, aliyefanyiwa mtihani na mtu mwingine, anakuwa mwalimu na kumtia mimba mwanafunzi wake. Walibora anaunganisha uhalifu mbili kwa werevu: aliyeingia katika ualimu kwa udanganyifu hawezi kutarajiwa kuuheshimu. Lakini kisa ni cha pembeni, na msichana mwenyewe hana nafasi ya kutosha ya kusimulia yaliyompata. Katika hadithi fupi ya Mohammed Khelef Ghassany, "Mame Bakari", iliyomo katika mkusanyiko wa Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine (2016), Sara anabakwa usiku akitoka katika masomo ya ziada, na hofu ya jinsi atakavyopokewa inamfunga kinywa. Hapa hatimaye mwathiriwa ndiye kitovu cha hadithi. Hata hivyo mshambuliaji anatoka gizani. Yaelekea ni rahisi zaidi kwa fasihi ya shule kumweka mwindaji barabarani usiku kuliko kumweka ofisini mchana. Aidha, mhanga wa maandishi haya aghalabu ni msichana, na mvulana anayelawitiwa na mtu mzima wa shuleni bado anasubiri mtunzi wake.

Sheria, kwa upande wake, imeanza kusema katika kauli ya kutenda. Kifungu cha 24 cha Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya Kenya ya mwaka 2006 kinamtaja mwalimu mkuu, mwalimu au mfanyakazi wa shule anayetumia nafasi yake kumshawishi mwanafunzi, na kinaweka kifungo kisichopungua miaka 10. Kifungu hicho hakianzi na mwenendo wa mwanafunzi, bali kinaanza na cheo. Mwaka 2010 Tume ya Kuwaajiri Walimu ilitoa waraka uliowataka walimu na wafanyakazi watoe taarifa za visa hivyo, na ukatamka kuwa anayeficha naye ana kosa. Mwaka 2015 Mahakama Kuu, katika kesi iliyoletwa kwa niaba ya wasichana wawili walionajisiwa na mwalimu wao, iliwawajibisha Tume hiyo na Serikali pamoja na mwalimu mwenyewe, ikaamuru wasichana hao walipwe fidia ya shilingi milioni 2 na milioni 3, na ikakemea mtindo wa kumhamisha mkosaji kutoka shule moja hadi nyingine. Mahakama ilifanya kile ambacho uhakiki wa Rosa Mistika ulisita kukifanya: ilikataa kumtazama mwalimu kama kituo cha safari ya msichana, ikamfuata hadi kwa waliomweka hapo.

Hitimisho

Imebainika kwamba Rosa Mistika ina uzito zaidi ya riwaya ya malezi mabaya na msichana aliyeanguka. Ni riwaya ya mamlaka iliyokabidhiwa na kusalitiwa, na uhakiki ulioishia kwa Zakaria na Rosa umeiacha nusu ya riwaya bila kusomwa. Ukali wa Zakaria haufutwi na usomaji huu. Unapata mwenzake, kwani baba alimfunga bintiye kinywa na mkuu wa chuo akanufaika na kinywa kilichofungwa.

Suala hili linazihusu idara za Kiswahili kwa namna ya pekee. Wengi wa wanaohitimu humo huenda kuwa walimu, na mapema kabla ya kuhitimu hupelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, wakakabidhiwa madarasa ya vijana waliopishana nao kwa miaka michache. Riwaya hii itafundishwa na watu hao. Mwalimu anayewauliza wanafunzi wake waeleze jinsi Rosa alivyoharibika anawafunza sarufi ya Thomas, hata kama hana nia hiyo, na msichana mwenye siri aliyeketi dawati la nyuma atajifunza kwamba swali kama hilo likimfikia, jibu lake ni yeye mwenyewe. Swali linaweza kuandikwa upya bila ya kuikosea riwaya heshima: nani alimharibu Rosa, kwa mamlaka ya nani, na ni akina nani waliojua wakanyamaza? Dawati la nyuma litasikia tofauti.